Kisanduku Kilichojibu

Haya yalimpata rafiki yangu, msichana asiyejua kutunga uongo. Kwa tasnifu yake ya usanifu alibuni visanduku viwili: ukigonga kimoja, cha pili kinagonga kwa mtu wako aliye mbali. Wiki nzima vilikuwa bubu. Msimamizi wake alishaviita kuni.

Mchana mmoja akajifungia stoo isiyo na dirisha apate utulivu, dada yake akabaki sebuleni na cha pili.

Akagonga. Kimya. Akasonya, akagonga tena. Gizani kikajibu taratibu: ko, ko.

"Dada, kimekubali! Usiache!"

Dada akafungua mlango. "Nisiache nini? Changu nimekitoa betri kitambo, zilikuwa zinachoma."

Mkononi mwa rafiki yangu kisanduku kikaendelea, sasa mbio mbio, kama mtu aliyesikia mlango umefunguliwa.