Chungu Kilichoazima Pumzi

Chungu kilipiga mluzi, na ndani yake hamkuwa na hata tone la maji.

Griselda Chumpitaz, mtunzaji wa ghala la chini ya ardhi la makumbusho ya sanaa jijini Lima, aliinua kichwa. Kilikuwa chungu cha matumbo mawili yaliyoungana, moja lina uso wa mwanamke. Ukikitia maji na kukiinamisha, hewa husukumwa ikatoka ikilia kama ndege. Lakini tangu tajiri mmoja wa mashamba ya miwa afukue makaburi ya kale kule kaskazini na kuyaleta yaliyomo hapa kama zawadi, hakuna aliyethubutu kukitia maji.

"Mzee, umesikia?"

Mzee Eleuterio, seremala aliyekuwa akikaza rafu, alicheka. "Kimenipigia mimi, mwanangu. Kumbe bado nina soko!"

Kicheko kikamkatikia njiani. Akashika kifua. "Ajabu... kama mtu kanivuta pumzi."

Ndipo ikaja harufu ya udongo mbichi, udongo wa shimo lililochimbwa sasa hivi, ilhali sakafu ilikuwa saruji tupu.

"Twende juu," Griselda alinong'ona.

Mlango wa chuma haukufunguka. Simu ya mkononi haikushika mtandao, na ya mezani haikutoa mlio. Aligonga mpaka viganja vikawaka moto. Juu ya kichwa chake alisikia viatu vya wanafunzi waliokuja kutazama picha, wanacheka, wanasukumana, na hakuna aliyemsikia.

Mluzi ukarudi, mrefu zaidi, na kadiri ulivyorefuka ndivyo mzee Eleuterio alivyonywea, akaanguka sakafuni, midomo ikageuka rangi ya majivu, naye Griselda akahisi kifua chake mwenyewe kinabanwa pande zote kama amefukiwa mchanga mpaka shingoni, akatambaa, akajivuta kwenye rafu, akakikamata kile chungu na kuliziba tundu la mluzi kwa kidole.

Ndani ya tundu, midomo ya baridi ikaanza kukinyonya kidole.

Hakukitoa. Alilia, lakini hakukitoa mpaka walinzi waliokuja kuwatafuta walipouvunja mlango.

Mzee Eleuterio alilazwa hospitali, anapumulia mashine. Kesho yake mkurugenzi, kwa siri na kwa aibu, akakubali aitwe Doña Hermelinda Cruzado, mganga kutoka milima ya kaskazini. Bibi yule alishuka ghalani, akapuliza moshi wa tumbaku, akanyunyiza maji ya maua, akaweka sikio kwenye chungu kama anayesikiliza mimba.

"Binti yangu, mwanamke huyu alizikwa hai," alisema polepole. "Walimfukia na bwana wake aliyekufa. Alipiga mluzi kwa chungu hiki ili walio juu wamsikie, mpaka pumzi ikamwisha. Sasa anaazima za watu."

"Nimfanyie nini, mama?"

"Mwitikie. Hakuna aliyewahi kumwitikia."

Griselda akakunja midomo iliyokauka, akapiga mluzi. Chungu kikajibu kwa sauti nyembamba, iliyochoka. Upepo ukapita kati yao, ukapanda ngazi, ukatoka. Harufu ya udongo ikakatika. Papo hapo simu ya mezani ikalia: mzee Eleuterio amefumbua macho, anadai supu ya kuku.

Griselda akaketi sakafuni, akacheka huku akilia. Lakini Doña Hermelinda hakucheka. Alikuwa anakusanya vitu vyake mbiombio.

"Kuna nini, mama?"

"Wametuona tulivyomtoa."

"Akina nani?"

Kwenye rafu ya mwisho kabisa, kitu kikagonga udongo kutoka ndani. Kikajibiwa rafu ya pili. Kisha ya juu.

"Usiitikie tena," bibi alisema, amekwisha kushika ngazi. "Mmoja tu amenimaliza nguvu. Wako wangapi humu?"

Griselda alikuwa akiwatajia wageni idadi ile kila siku, kwa fahari. Safari hii aligeuka kuzitazama rafu. Vilikuwa vyungu elfu arobaini na mbili, na vyote vilikuwa vimeanza kugonga.