Shule Iliyoitika

Mimi Dyejwen, fundi seremala wa mji wa Jakmel, nilikuwepo. Sikuhadithiwa! Macho yangu haya mawili yaliona, na ningekuwa na la tatu lingepasuka.

Tetemeko lile la ardhi lilivunja majumba ya saruji kama biskuti. Shule yetu ya mbao, ya enzi za mababu, iliyumba tu kama mlevi, ikasimama. Hata hivyo wakubwa wa serikali wakaipiga alama nyekundu: ibomolewe.

Jioni ya mwisho, Madan Filomiz, mwalimu mkuu, akaniita. "Fundi, kaniletee kengele ya shule. Kesho buldoza linaanza. Watoto wangu mia mbili watasomea juani."

Uwanjani nikamkuta Wilnè, dereva wa buldoza, anakagua kuta.

"Umekuja kulia matanga ya mbao, fundi?"

"Cheka tu, bosi. Hata tetemeko lilikuja na meno kukuzidi, likashindwa."

Tukafika mlangoni. Kwetu huingii kwa mtu kimya kimya. Unaita "Onè!", ndiyo hodi yetu. Wa ndani akijibu "Respè!", basi umekaribishwa, kutoingia ni matusi. Wilnè, kwa mzaha, akaiita shule tupu:

"Onè!"

Kimya...

"Respè!"

Sauti za watoto. Arobaini. Nasema elfu! Kwa pamoja. Harufu ya chaki mbichi ikatupiga puani. Mate yakanikauka, ungewasha kiberiti kwenye ulimi wangu.

"Nani kafungia watoto humu?" Wilnè akanong'ona.

Akaingia kuwatoa.

Mlango ukajifunga. Taratibu...

Nikasikia madawati yanasogezwa. Fimbo ikagonga ubao. Ta! Watoto wakaanza, "Ba... be... bi..."

Kisha, katikati yao, sauti nzito ya mwanaume, inalia:

"Ba... be... bi..."

Asubuhi tulipekua mpaka darini. Hakuna mtu. Viatu vyake tu, chini ya dawati la mbele, vimepangwa vizuri. Hakuna dereva mwingine aliyekubali kupanda lile buldoza. Wakaliburuta, wakaenda nalo. Shule ipo, watoto wanasoma. Madan Filomiz hajaniuliza neno. Ila dawati lile halikaliwi.

Haya, niseme kweli. Kuna mahali nimewadanganya.

Si Wilnè aliyeita pale mlangoni. Ni mimi. Walipoitikia, nikamwambia, "Tangulia, bosi."

Na kwetu, aliyepiga hodi ndiye anayesubiriwa.