Karatasi ya Maagizo ya Wachira

Koti lilikuwa moja, la jinzi, na wanaoling'ang'ania walikuwa wawili. Katikati ya kelele za mitumba mjini Eldoret, Namalwa alivuta huku, na kijana mrefu mwenye kofia ya njano akavuta kule.

"Mimi ndiye niliona kwanza!"

"Uliona, lakini mimi nimeshika. Nipe namba yako nikuachie."

"Wewe naye! Kwani hili koti ndilo mahari?"

Namalwa alicheka, na namba akampa. Jumatatu akamkuta darasani kwao: Wachira, mwanafunzi mpya wa ubunifu wa vitambaa.

Miaka miwili walipendana mpaka wenzao wakachoka kuwatazama. Jioni simu ya Namalwa ilikuwa ikilia.

"Umekula, mrembo?"

"Bado."

"Si utoke nje basi."

Na kweli alikuwa akimkuta langoni, ameshika chapati moto kwenye karatasi.

Mwaka wa mwisho mhadhiri wao, Dkt. Chepkoech, akawaletea akili unde, mashine inayochora kwa kuagizwa, na hakutaka habari ya mihadhara. Kila mtu ailishe mashine michoro ya mkono wake mwenyewe, aiagize, ikosee, aiagize tena, mpaka kitenge kitoke. Mwenye kazi bora angepelekwa kiwanda cha nguo mwaka mzima. Namalwa aliitaka nafasi hiyo kufa kupona. Daftari lake lilijaa maua aliyoyachora kutoka kwa vitambaa vya kochi alivyofuma nyanyake kule Turbo.

"Hebu nipige picha hizi kurasa," Wachira alimwambia. "Nikikumiss niangalie mkono wako."

Alimpa daftari zima. Jamani, mapenzi!

Siku ya maonyesho kila kitenge kilitundikwa ukutani, na kando yake karatasi yenye maagizo yote ambayo mwenyewe aliiandikia mashine. Karatasi hizo Dkt. Chepkoech alizichapisha yeye, kutoka kwenye mashine, hata neno moja lisifutwe. Wachira hilo hakulijua. Watu walikuwa wamekizunguka kitenge chake, wakikisifu, na Namalwa akasogea akitabasamu kwa fahari. Kisha akayatambua maua. Akasoma.

"Hii ni michoro arobaini ya mpenzi wangu. Chora kama yeye, lakini ondoa makosa yake."

Na chini yake: "Bado inafanana sana. Badilisha rangi, asitambue."

Asitambue! Mtu aliyekuwa akimlisha chapati langoni, kumbe alikuwa akirudi chumbani kumwibia.

Dkt. Chepkoech alikuwa amesoma pia. "Namalwa, hii michoro ni yako? Ulimpa ruhusa aitumie?"

Wachira alimshika mkono, jasho likimtoka, akanong'ona mbiombio. "Babe, sema ulinipa. Aki nitakuoa. Agosti nakuja kwenu na wazee, naapa."

Mshenzi! Maneno hayo Namalwa aliyangoja miaka miwili, akiyaota hata darasani, na leo ndiyo anaambiwa, ili adanganye. Na bado alimpenda. Angesema ndiyo, angekuwa na mume, na Wachira angeenda kiwandani na maua ya nyanyake Namalwa.

"Hapana, Madam," alisema kwa sauti. "Aliniomba picha za kunikumbuka. Hii hakuniomba."

Akautoa mkono wake, akalia palepale mbele ya darasa zima.