Pipa Lililokohoa

Haki ya Mungu, mkono huu nauweka kifuani, radi inipige nikiwa nimekaa hivi hivi kama humu kuna neno moja la kuongeza! Mimi shule niliiona kwa mbali nikichunga ng'ombe, lakini kichwa changu hakidondoshi kitu, wasomi wa Vwawa wenyewe wananijua. Na haya yalimpata mama mdogo wangu Marita, tumbo moja na mama yangu, kule Isansa, mwaka ule wa Operesheni Vijiji, sabini na nne.

Siku yenyewe ilikuwa ya kawaida kabisa. Mwezi wa sita, baridi ya Mbozi ile ambayo ng'ombe wanatetemeka mpaka maziwa yanageuka siagi humo humo tumboni. Watu wote wako shamba la kijiji. Marita alibaki nyumbani kwa ajili ya mtoto. Mtoto wa miezi tisa, na homa hana. Alikuwa wa baridi. Ukimshika mgongo unadhani umeshika jembe lililolala nje.

Sasa hapa sikilizeni vizuri. Baba mkwe wa Marita aliitwa Kefa, mhunzi. Kwetu mwanamke aliyeolewa hatamki jina la baba mkwe wake, hata akikanyaga nyoka. Wala neno linalofanana nalo hatamki. Kwa hiyo Marita miaka sita kwenye ule mji hakuwahi kusema "kufa". Kuku akifa, yeye anasema amelala. Jirani akifiwa, anasema wamepungukiwa. Na mtoto naye alirithishwa jina la babu yake, Kefa, basi mama mtu hajawahi kumwita mwanawe kwa jina hata siku moja. Anamwita Baba. "Baba, nyonya." "Baba, umenikojolea tena?"

Mzee alipenda sana nyumba ambayo neno lile halisikiki jikoni. Aliishi humo mpaka akaamini halimhusu.

Kifua kikamwoza. Hospitali wakamwambia ajiandae. Akamtukana daktari, akarudi nyumbani, akaanza kujenga. Vijana wa siku hizi wanaita roboti, sisi tuliita mtu wa chuma. Kifua, pipa la mafuta. Miguu, springi za lori lililopinduka mteremkoni. Mikono, minyororo ya baiskeli na meno ya mashine ya kumenyea kahawa. Macho, taa mbili za lori lile lile. Urefu futi kumi na mbili. Wanaosema tisa hawakuupima mlango wa kile kiwanda chake cha uhunzi, mimi niliupima. Nia yake ilikuwa kuhama. Ahame na akili, na kumbukumbu, na hasira zake zote, aingie kwenye chuma akae milele, mwili ubaki ganda. Akamleta fundi wa mambo hayo kutoka ng'ambo ya mpaka, Nakonde. Aliitwa Jonasi, bwana mmoja mwembamba, anavaa koti la mvua hata kiangazi.

Wiki ya kwanza kilihama kikohozi. Mzee akaamka hakohoi. Pipa likakohoa.

Wiki ya pili kikahama kicheko. Wiki ya tatu mzee akasahau kumega ugali, anauangalia tu, huku vidole vya chuma vinamega hewa. Na ni wiki hiyo hiyo mtoto alianza kupoa.

Basi, saa sita mchana Anania, mume wa Marita, akaja mbio kutoka kiwandani.

"Marita, baba anakuita. Uje na mtoto."

"Kuna nini?"

"Limebaki neno moja tu." Akasema hivyo anaangalia miguu yake.

Marita akamfunga mtoto mgongoni, akaenda. Akasimama mlangoni ameangalia pembeni, kama mkwe anavyotakiwa. Mzee alikuwa amekaa kwenye gogo, mdomo wazi, udenda unamtoka. Macho yake hayakuwa na mtu. Mbele yake kilisimama kile chuma.

Kinapumua.

Jonasi akamnong'oneza Marita. "Mayo," ndivyo Wabemba wanavyomwita mama, "kazi imebaki kugonga msumari wa mwisho. Jina la mzee litajwe na mdomo ambao haujawahi kulitaja. Mji mzima umelitaja, wewe tu bado. Na neno utakaloliweka baada ya jina ndilo litakalomtawala. Taja jina, halafu sema amka. Basi. Ataamka na hatalala tena."

"Na mwanangu?"

"Atapata nafuu."

Pipa likakohoa. Mtoto mgongoni akakakamaa kama kuni. Pipa likanyamaza, mtoto akalegea. Marita hakusoma, kama mimi tu, lakini kipofu hakuwa.

"Bwana Jonasi, wenye jina hilo humu ndani ni wawili. Nikiita, anaitika nani?"

Jonasi akacheka kidogo. "Wote, mayo. Mmoja anaingia na akili, mwingine anaingia na pumzi. Chuma hakina pumzi yake. Ulifikiri mapafu ya mzee yangefika wapi?"

Marita akamgeukia mumewe. Anania akanong'ona, "Ita tu, mke wangu. Tutazaa mwingine."

"Uzae wewe!"

Mkono wa minyororo ukanyooka juu ya kichwa cha Marita. Ukasukuma mlango. Ukafunga.

"Ita," chuma kikasema. Sauti ya mzee, ila kama imesemewa ndani ya mtungi.

Marita akamtoa mtoto mgongoni. Mdomo wa mtoto ulikuwa wa bluu. Akatega sikio. Pumzi moja. Kimya. Nyingine. Kimya kirefu.

"Ita."

Hakuita. Alimtemea mtoto mate kwenye paji la uso, kama wazee wanavyobariki, akamwinua juu.

"Huyu anaitwa Luka! Jina la baba yangu mimi. Nimempa mwenyewe, mbele ya huyu mume goigoi na mbele ya huyu mwizi mwenye koti. Kuanzia leo lile jina lenu hanalo."

"Huna haki," chuma kikanguruma. "Mtoto ni wa ukoo."

"Ukoo haukumnyonyesha!"

Mtoto akalia. Akamkojolea mama yake mikononi, mkojo wa moto, na Marita anasema hajawahi kuoga maji matamu kama yale.

Jonasi alielewa kabla ya wengine. "Mzibe mdomo!" akapiga kelele. "Mzibe!"

Alichelewa. Marita aliacha kuangalia pembeni. Alimtazama mkwe wake machoni, kwenye taa zile.

"Kefa," akasema.

Taa zikawaka. Betri haikuwemo.

"Naam, mwanangu."

"Kufa."

Pipa likaanza kukohoa. Likafika nusu ya kikohozi.

Nusu ya pili haikuja.

Mzee akateleza kutoka kwenye gogo bila kelele. Taa zikazimika polepole, kama mtu anayeondoka nazo ndani kwa ndani. Jonasi alivuka mpaka kabla vumbi lake halijatua Tunduma. Anania alilala jikoni miaka miwili, na sufuria anaosha mwenyewe.

Wazee wa ukoo walimkalisha Marita kikao, eti kataja jina la mkwe. Mama mdogo akasimama, mtoto ubavuni. "Nimelitaja. Mkitaka nalitaja tena sasa hivi, na lile neno lake la pili. Nani kati yenu anataka kuwa karibu?"

Kikao kikaisha, hata togwa hawakunywa.

Luka yupo. Ni fundi seremala pale Tunduma, ana watoto wanne, nguvu zake anabeba gogo la mninga bega moja. Ila shati jeupe havai. Akitoka jasho, shati linaingia kutu. Duara moja kifuani, kama amelalia mfuniko wa pipa. Mama yake mpaka leo analisugua duara lile kwa ndimu na chumvi kila Jumamosi, linatoka. Jumatatu limerudi. "Lirudi tu," anasema, "ndimu hazijaisha Mbozi."

Lakini mwaka jana kutu ilikuwa kifuani. Pasaka hii nimeiona kwenye kola, inapanda kuelekea mdomoni.

Haya, nimewaambia ninyi tu, tafadhali yaishie hapa hapa, msimwambie mtu. Na Luka msimwambie kabisa. Yeye anadhani ni maji ya kisima.