Damu Isiyoganda

Naapa kwa meno yangu yote, hata yale yaliyong'oka, kwamba kisa hiki ni kweli tupu.

Asubuhi ya Jumatatu, mwenye zizi alimkuta ng'ombe wake mweusi amekufa kando ya hori la maji, miguu juu kama meza iliyopinduliwa. Mwekundu alikuwa amekufa wiki iliyotangulia. Daktari wa mifugo alipofika, koplo alikwisha kumtia pingu binti aliyewakamua wote wawili.

"Ni sumu tu, daktari," alisema koplo. "Nani mwingine huwagusa kila siku?"

"Afande, niwaue wanaonilisha?" alilia binti. "Nikitoka hapa na pingu, nani atanipa tena hata mbuzi wa kukamua?"

"Mpelekeni!" alifoka shemeji wa mwenye zizi, jasho likimtiririka ndani ya koti la mikono mirefu. "Mchelea mwana kulia hulia mwenyewe."

Daktari alimwinamia ng'ombe. Puani mwa ng'ombe ilichuruzika damu nyeusi, nayo haikuwa imeganda. Alivaa glavu, akapaka tone kwenye kioo, akalitia rangi, akainamia hadubini nyuma ya gari lake.

"Afande, njoo umwone muuaji."

Koplo alifumba jicho moja. "Naona vijiti vimeungana kama pingili za muwa."

"Bakteria wa kimeta. Huingia na majani au maji, huzaana damuni, hutengeneza sumu yao wenyewe. Ng'ombe huanguka hata hujajua anaumwa. Na binadamu hawamwachi."

"Basi binti hana kosa?"

"Yule mwekundu niliagiza azikwe bila kupasuliwa, chini kabisa, chokaa juu. Ukimpasua, bakteria hukutana na hewa, hujifungia kwenye ganda gumu, wakangoja miaka. Sasa wametokaje?"

Walikwenda kaburini, nyuma ya zizi. Chokaa ilikuwa imetapakaa kwenye nyasi, na alama ya kitu kilichoburutwa ilinyooka hadi horini. Ukingoni mwa hori yalinata manyoya mekundu.

"Kuna mtu alimfukua, akamchuna, akasuuza ngozi humu," daktari alisema, kisha akageuka. "Shemeji, hebu kunja mikono ya koti."

"Kwa baridi hii?"

"Jasho lako limekataa kutoa ushahidi huo."

Mkononi palikuwa na kidonda cheusi kama kaa lililozimika, kimevimba pembeni.

"Mbu tu huyo! Tena hakiumi hata kidogo!"

"Ndicho kilichokutaja. Jipu huuma. Kidonda cha kimeta hakiumi. Bakteria waliingia kwenye mchubuko ulipokuwa unachuna."

Shemeji aliketi chini. "Nilitaka kiti cha ngozi. Wageni wote hukalia sofa, mimi kigoda! Ngozi nzuri vile ioze?"

"Na mimi nifungwe kwa ajili ya makalio yako?" binti aliuliza.

"Wahi hospitali," daktari alimwambia shemeji. "Dawa ipo, ila haingoji porojo. Ngozi itachomwa, ng'ombe waliobaki watachanjwa."

Shemeji alitimua mbio hadi akaipita pikipiki. Koplo alifungua pingu, akapiga magoti mbele ya umati, akamwomba binti radhi kwa machozi.

"Magoti gani?"

Ni mke wangu, anasoma juu ya bega langu. Binti yule ndiye yeye.

"Alikohoa tu, akatia pingu mfukoni. Nilipita mwenyewe nyumba kwa nyumba kuwaambia watu sikuua."

"Lakini ulistahili magoti, mama watoto."

"Nilistahili. Na uongo ni uongo." Amenikabidhi sifongo na masufuria yote, ya mchana na ya jioni.