Redio ya Tatu

Rafiki yangu Alois, fundi redio wa Ng'ambo, Tabora, alinisimulia haya kama mtu aliyechoka kutoaminiwa. Enzi zile za vijiji vya ujamaa, watu wa Kwihara, palipokuwa zamani kituo cha misafara ya wapagazi, walitaka redio, na mwenye duka Rajnikant akamletea Alois mbili achague iliyo bora. Alois akajifunga kitambaa machoni, kama ilivyokuwa kawaida yake ya kusikiliza. Rajnikant akaziwasha kwa zamu.

"Ya kwanza inakwaruza. Ya pili besi imezidi," Alois alisema. "Wape hii ya tatu. Hii unasikia hata pumzi za watu waliobeba mizigo."

"Fundi, nimeleta mbili," Rajnikant alijibu polepole. "Na zote nimeshazizima."

Alois hakuthubutu kufungua kitambaa. Karibu kabisa na magoti yake, alisikia mtu akitua mzigo.