Baiskeli za Njia Panda

Kila siku ya kazi Evalina aliondoka nyumbani kabla jua halijachomoza. Aliendesha baiskeli kilomita nane mpaka njia panda. Aliifunga kwa mnyororo kwenye mwarobaini, kisha akapanda haisi ya kwenda Bariadi. Huko alifua mashuka katika nyumba ya wageni. Mikono yake ilikuwa kwenye beseni, lakini moyo wake ulibaki njia panda.

Alikuwa na sababu ya kuogopa. Mwezi ule baiskeli mbili zilikuwa zimeibwa palepale. Ya kwake ikiibwa, na kazi imekwenda. Kwa miguu asingewahi gari la saa kumi na mbili na nusu. Msimamizi wake, mama Lucy, hakuwa mtu wa kusikiliza visingizio.

Watu walilalamika, na mwenyekiti wa kijiji, mzee Limbu, akaitisha mkutano.

"Josho la ng'ombe lina uzio," alisema. "Baiskeli zikae humo."

Wote walipiga makofi. Nani angekataa uzio wa bure? Hakuna aliyeuliza josho liko mbali kiasi gani na kituo.

Kumbe ilikuwa robo saa kwa miguu, tena kupanda kilima. Wengi walijaribu siku moja tu, wakarudi kwenye mwarobaini. Evalina aliendelea kwenda joshoni, maana aliwaogopa wezi kuliko kilima.

Ikafika Jumatano, siku ya kuogesha mifugo. Wafugaji wazima walikaa mkutanoni, na hakuna hata mmoja aliyeikumbuka Jumatano! Ng'ombe waliingia kwa kusukumana. Jioni Evalina alikuta baiskeli imelala kwenye matope, gurudumu la mbele limepinda. Alikaa chini akalia. Kesho yake alichelewa kazini.

"Leo nakusamehe," mama Lucy alimwambia. "Ukichelewa tena, nachukua mtu mwingine."

Usiku ule hakupata usingizi. Jumamosi asubuhi alikwenda kwa Severine, afisa maendeleo ya jamii wa kata.

"Mwangaluka, mayu," Severine alimsalimia mama huyo kwa Kisukuma.

"Mwangaluka," Evalina alijibu, kisha akaeleza yote.

"Mlihesabu kwanza?" Severine aliuliza.

"Kuhesabu nini?"

"Baiskeli. Ziko ngapi, zinatoka wapi, zinafika saa ngapi. Ninyi mlianza na uzio. Mngeanza na watu."

Jumatatu Severine alisimama njia panda pamoja na mzee Limbu tangu alfajiri mpaka saa mbili. Walihesabu baiskeli arobaini na tatu na pikipiki tisa. Mzee Limbu alidhani hazifiki hata kumi.

"Zote hizi?" aliuliza taratibu.

"Zote, baba. Na mwenye haraka hatembei robo saa. Maegesho yawe hatua chache tu kutoka gari linaposimama. Lakini yasiwe ukingoni mwa barabara, malori ya pamba yatatugongea watu. Pikipiki zipewe upande wake. Muache na nafasi ya kuongeza, maana mwakani watazidi."

"Na uzio?"

"Uzio uwepo, lakini hauna macho. Baba, ukimwachia mtu ng'ombe zako akutunzie, akipotea mmoja unamuuliza nani?"

"Namuuliza yeye."

"Basi na baiskeli ni hivyohivyo. Lazima awepo mtu wa kuulizwa."

Nyuma ya kituo palikuwa na kiwanja cha kijiji kilichojaa magugu. Watu walifyeka, wakamwaga changarawe, wakasimamisha nguzo na kuezeka bati. Wenye baiskeli walikubaliana kumlipa mlinzi. Akachaguliwa Maganga, mtu asiyejua masihara. Kila baiskeli ilifungwa kibati chenye namba, na mwenyewe akapewa kibati cha pili chenye namba ileile. Bila kibati, huondoki na baiskeli.

Hata hivyo Evalina hakutulia. Wiki nzima alishuka garini akikimbia kwenda kuangalia.

Alhamisi ya wiki ya pili alimkuta Maganga amenuna.

"Mayu, kuna mwanaume alikuja mchana akataka baiskeli yako. Anasema ni yake. Nikamwambia alete kibati, hana. Amenitukana sana, nikamwacha atukane."

Evalina alimsogelea. "Yukoje huyo mtu?"

"Mrefu, ana kofia nyekundu. Anajiita Ngeleja."

Evalina alishika mdomo. Ngeleja alikuwa mume wake. Baiskeli ile Ngeleja ndiye aliyeinunua, kwa fedha za pamba yake mwenyewe.

"Sasa yuko wapi?"

"Amerudi kwa miguu."

Evalina alicheka mpaka akaegemea nguzo. Nyumbani alimkuta Ngeleja ameweka miguu kwenye maji ya moto.

"Mlinzi wenu yule ni mtu mbaya sana," alisema Ngeleja.

"Wala usimseme," alijibu Evalina.

Kesho yake alifua mashuka tangu asubuhi mpaka saa saba, na baiskeli hakuiwaza hata mara moja.